Mashine ya kufulia inanipiga shoti, nataka kufunga soketi inayojikata yenyewe (Dodoma)

Mama_Nzuguni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua umeme wa majumbani, mi nipo Nzuguni hapa Dodoma. Nina mashine ya kufulia nimeiweka kibarazani nyuma jirani na bomba, sasa tangu kiangazi kikolee nikigusa bati la mashine huku nimekanyaga sakafu iliyolowa nasikia inanitekenya, kuna muda inakuwa kali mpaka navuta mkono. Nikivaa ndala kavu sisikii kitu. Fundi aliyetufungia umeme nilimpigia akasema mashine zote ndo zilivyo nisiwe na wasiwasi, lakini nina watoto wanashinda hapohapo kibarazani na roho haitulii kabisa.

Dada yangu yupo Marekani, nilipomsimulia akaniambia kwao soketi za jikoni, bafuni na za nje zinatakiwa ziwe zile zinazojikata umeme ukivuja, na kanitumia moja kwenye mzigo. Ina vitufe viwili katikati, kimoja TEST kingine RESET. Tundu zake hazifanani na zetu ila nimeambiwa adapta zipo.

Naombeni kujua, naweza kuifunga hii mahali pa ile soketi ya kibarazani, na ni kazi ya kufanya mwenyewe au niite fundi? Afu kwenye mainswichi nina breka tu, zimeandikwa 20 na 32, je hizo hazitoshi kunikinga? Natanguliza shukrani.

FundiWaya_Dom

Dada pole sana, na kabla ya yote zima soketi ya hiyo mashine uichomoe leoleo usisubiri mwingine ajibu. Aliyekwambia mashine zote ndo zilivyo kakupotosha, mashine yenye ethi nzima, yani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haitekenyi mtu.

Hiyo soketi ya Marekani usiifunge. Umeme wao wa majumbani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 230 na hezi 50, na kile kisaketi cha ndani kinachoshtukia uvujaji kimetengenezwa kwa volti zao, ukikipa 230 kinaweza kuungua papo hapo au kikaonekana kizima afu siku ya kuhitajika kisikate, na hiyo ya pili ndo mbaya zaidi maana utakuwa unaiamini. Ya kwao inakata uvujaji ukifika milliampia 5 hivi, sisi tunafuata mtindo wa Uingereza ambapo ya kulinda mtu ni milliampia 30. Dukani ulizia soketi ya kawaida ya ampia 13 yenye RCD ndani, yani kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, iwe imeandikwa 30mA na BS 7288 (kiwango cha Uingereza cha soketi hizo). Nayo ina vitufe, T na R.

Kuhusu breka, breka ya 20 inalinda waya usiungue. Mtu akipitiwa na milliampia 10 hivi misuli inakaza na anaweza kushindwa kuachia alichoshika, zikifika 50 au 100 zikapita kifuani moyo unaweza kuvuruga mapigo akafa. Breka inasubiri zaidi ya ampia 20, yani milliampia 20,000, kwaiyo mtu anakufa yenyewe ipo ON. RCD inafanya kazi nyingine kabisa, inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, vikiwa sawa inatulia, tofauti ikianza kukaribia 30 inajua kuna umeme umechepuka, labda kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Ila sikia hapa dada, soketi hiyo peke yake haitaondoa kutekenywa. Mashine nyingi za siku hizi zina kichujio ndani chenye kapasita zinazopeleka umeme kidogo kwenye bodi, na huo umeme unatakiwa ushuke kwa waya wa ethi. Waya wa ethi ukikatika bodi inabaki na volti kama nusu ya zile 230, umeme wenyewe ni mdogo sana haufiki hata milliampia 30, RCD haiukati, lakini wewe uliyelowa unausikia vizuri tu. Kinachokutekenya kinaweza kuwa hicho. Au kinaweza kuwa waya umechunika kwenye mota, au hita ya kuchemshia maji imetoboka, na hapo ndo panapoua. Ukiwa nje huwezi kutofautisha kwa mkono. Kwaiyo kwanza ethi, afu mashine ipimwe, ndo ifuate soketi.

Kibaigwa_Boy

Mnamtisha dada wa watu bure. Fungua soketi, chukua kipande cha waya unganisha pa ethi na pa nyutro, shoti inakata hapohapo. Sisi nyumba nzima tumefanya hivyo na hatujawahi kuona tatizo

FundiWaya_Dom

@Kibaigwa_Boy kaka nakuomba kitu kimoja, zima mainswichi uende ukatoe hivyo vipande vyote, nakwambia kama ndugu. Hiyo inafanya kazi mpaka siku nyutro inalegea mahali popote, iwe kwenye nguzo, kwenye mita ya LUKU au kwenye kiungio cha darini. Siku hiyo umeme unapita kwenye mota ya friji au kwenye taa iliyowashwa unafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, na kwa kuwa umeiunganisha na ethi, kila bati la friji, pasi na mashine linakuwa na volti 230 kamili. Hutaona dalili, taa zitazimika tu, na mtu wa kwanza kwenda kugusa friji kuangalia imekuwaje ndo huyohuyo.

Na ukifunga RCD kwenye soketi yenye hicho kipande, kama ethi ipo itakuwa inakata kila saa maana nyutro inagawana njia na ethi, mwishowe watu wanaing'oa wakisema RCD mbovu.

Mzee_wa_Makulu

Wanangu poleni na shughuli. Mimi nimefanya kazi za umeme tangu tunatumia fyuzi za waya, naomba niongeze kwenye hili la ethi kwa sababu kwa Dodoma yetu lina sura yake.

Ardhi ya hapa mvua zinaisha Aprili, mpaka zije tena Desemba huko, katikati udongo wa juu unakauka kabisa na sehemu nyingi chini ni mawe na kokoto. Ethi rodi, yani fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, ikiwa fupi ya mita 1.2 iliyopigwa wakati wa masika ikapimwa ikaonekana nzuri, ifikapo Septemba inakuwa kama imechomekwa kwenye gunia la mchanga mkavu. Ndiyo maana mama anasema shoti imeanza kiangazi.

Sasa chukulia ethi yako ina ohm 50 (ohm ni kipimo cha ethi inavyoukinza umeme, ikiwa ndogo ndiyo vizuri), ambayo kwa hapa wala si ajabu. Waya wa laivu ukigusa bati la mashine, umeme utakaoshuka ardhini ni 230 kugawanya kwa 50, ampia 4.6. Breka ya 20 haitasikia kitu, itakaa hivyo mchana kutwa na bati lina umeme. RCD ya milliampia 30 itakata mara moja. Kwaiyo kwa nyumba zetu ambazo ethi yake ni rodi iliyopigwa nyuma ya ukuta, RCD si anasa, ndiyo kifaa pekee kinachoweza kukata kosa la namna hiyo. Vitabu vya Waingereza vinashauri ethi ya namna hii isizidi ohm 200, ikizidi hapo haiaminiki, inabadilika na hali ya hewa. Lakini msiridhike na 200, ikishuka zaidi ndiyo vizuri.

Kuna mafundi wanapima ethi kwa balbu, waya mmoja kwenye laivu mwingine kwenye ethi, ikiwaka wanasema ethi safi. Balbu ya wati 60 inavuta ampia 0.26 tu, hata kwenye ethi ya ohm 100 inawaka na macho hayaoni tofauti. Na muda wote inawaka unapandisha volti kwenye ethi ya nyumba nzima huku kuna mtu yupo jikoni kashika friji. Mwambie fundi aje na kipimo cha ethi. Kama hana, akaazime kwa mwenzake.

Na kumwagia maji ya chumvi kwenye rodi kunasaidia wiki mbili tatu afu unarudi palepale, na chumvi inakula shaba na klampu. Piga rodi ndefu ifike kwenye unyevu, au ongeza ya pili mbali na ya kwanza angalau urefu wa rodi yenyewe, ziunganishwe kwa waya wa ethi na klampu imara.

Mama_Nzuguni

Asanteni sana wote, mashine nimeshaichomoa nafua kwa mkono. Mzee shikamoo, maelezo yako nimemsomea mume wangu mara mbili.

Leo tumezima mainswichi tukafungua ile soketi tuangalie tu bila kugusa. Kuna waya mwekundu na mweusi, ule wa kijani na njano umekatwa umekunjwa nyuma ya boksi haujafungwa popote!! Nje rodi ipo pembeni ya ukuta, klampu ina kutu na waya ukiuvuta kwa mkono unachezacheza. Yani miaka yote hii tunakaa humu.

Tumempata fundi mwingine ana leseni ya EWURA atakuja Jumamosi. Soketi yenye RCD nimeziona dukani mjini za aina mbili, muuzaji anasema moja ni active nyingine passive, hakuweza kunieleza tofauti. Nichukue ipi? Na naomba mnieleze fundi anatakiwa afanye nini hatua kwa hatua, nataka nisimame hapo niangalie.

FundiWaya_Dom

Hapo umenena dada, na huo waya uliokunjwa umetupa jibu la kutekenywa, ingawa mashine bado ipimwe.

Chukua passive kama hapo utachomeka friji au pampu, umeme ukikatika na kurudi yenyewe inabaki imewaka, inakata tu uvujaji ukitokea. Active umeme ukikatika nayo inajitoa mpaka uje ubonyeze R, ni nzuri kwa msumeno au mashine ya kusaga karanga maana haitajiwasha ghafla mtu kaweka mkono, lakini kwa friji utasafiri urudi ukute nyama imeoza. Kwa mashine ya kufulia zote sawa, mi ningechukua passive. Kingine angalia kina cha boksi la ukutani, soketi za RCD ni nene kwa nyuma, boksi la milimita 25 mara nyingi halitoshi, tafuta la 35 au zaidi, usikubali fundi azikandamize waya kwa nguvu za skrubu mpaka zichunike. Na kama kibaraza kinapigwa na mvua ya kusukumwa na upepo nunua ile ya nje yenye kifuniko iliyoandikwa IP66, tena ipandishwe juu mbali na bomba.

Siku ya kazi azime mainswichi yenyewe, asizime swichi ya soketi tu, afu abandike tepu juu yake au mtu mmoja akae hapo asije mtoto akawasha. Asithubutu kufanya kazi kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaani, unarudi muda wowote haupigi hodi. Kama mna inveta au jenereta nayo izimwe, wengi wanasahau hiyo. Afu apime kwa testa, na hapa wengi wanaruka, kwanza aijaribu testa mahali ambapo anajua umeme upo, ndo apime soketi, laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi, afu arudi kuijaribu testa tena palepale pa mwanzo kuhakikisha haijafa katikati. Akishamaliza hapo ndo aguse waya.

Kabla ya kufunga soketi mpya aitengeneze ethi mpaka kwenye rodi, kufunga soketi nzuri kwenye waya uliokatwa ni kujidanganya. Waya wa soketi uwe wa 2.5 (milimita za mraba), mwekundu au wa kahawia unaingia L, mweusi au wa bluu unaingia N, wa kijani na njano unaingia pale penye alama ya ethi, na kama boksi ni la chuma kipande kingine cha ethi kifungwe kwenye boksi. Soketi nyingine za RCD zina sehemu ya umeme kuingia na ya kutoka kwenda soketi inayofuata, azisome vizuri, akigeuza unaweza kubaki na soketi inayowaka vizuri bila kinga yoyote. Achune waya kiasi cha kuingia tu, shaba isichungulie nje, akaze skrubu afu avute kila waya kwa mkono kuona kama umeshika.

Akiwasha abonyeze R, chomeka taa, bonyeza T, taa lazima izime hapohapo. Isipozima soketi hiyo irudishwe dukani. Ila ujue kitufe cha T kinapima ufundi wa ndani ya soketi tu, hakijui kama ethi yako ipo, kitakata vizuri hata kwenye ile soketi yenye waya uliokunjwa. Ndo maana ethi inapimwa peke yake. Baada ya hapo wewe mwenyewe bonyeza T angalau kila miezi 6, au mara kwa mara zaidi kama karatasi yake inavyosema.

Kuhusu kufanya mwenyewe, kubonyeza T na kuangalia kama soketi imeungua au imelegea ni kazi yako. Kuvuta waya, kugusa mainswichi na kupima ethi mwachie mwenye leseni na vipimo.

Mpangaji_Changombe

Wakuu naomba nidandie hapahapa. Mi nimepanga, mwenye nyumba hataki mtu aguse umeme wake, na hita yangu ya kuchemshia maji ya kuoga ile ya kutumbukiza kwenye ndoo kuna siku imenitupa. Sisi wapangaji tunafanyaje?

Mzee_wa_Makulu

Mwanangu hiyo hita itupe kabisa, usimpe mtu. Kama ilikutupa ina ufa na maji yanagusa umeme. Ukinunua nyingine usitumbukize mkono kupima joto ikiwa imechomekwa, chomoa kwanza.

Kwa mpangaji zipo RCD za kuchomeka, unaichomeka kwenye soketi iliyopo afu kifaa chako unakichomeka juu yake, milliampia 30 hizohizo, ukihama unahama nayo. Inakata umeme ukipita mwilini mwako kwenda ardhini hata kama nyumba haina ethi nzuri, ila itakata baada ya wewe kupigwa, kwenye nyumba yenye ethi ingekata kabla hujagusa. Kwaiyo zungumza na mwenye nyumba taratibu kuhusu rodi, mwambie ni usalama wa nyumba yake na wa wapangaji wote. Na ujue mkono mmoja ukishika laivu na mwingine nyutro RCD yoyote haitakuokoa, yenyewe inaona umeme umekwenda na kurudi sawasawa.

Mama_Nzuguni

Wakuu naleta mrejesho. Fundi kaja na vipimo vyake, rodi ya zamani kaipima ikasoma ohm 310. Kaongeza ndefu upande wa bustanini ambapo huwa namwagilia mchicha, kaziunganisha na klampu mpya, zote mbili zikasoma 46. Mashine kaipima kwa mega (kipimo cha insulesheni ya waya) ya volti 500 ikiwa imechomolewa, akasema insulesheni ni nzima, hita haivuji. Soketi mpya ipo, kaijaribu na kipimo chake ikakata kwenye milliampia 22. Nimefua leo na sakafu imelowa, sijasikia kitu hata kidogo.

Sasa kaniambia jikoni na pampu ya kupandisha maji kwenye tenki navyo vinahitaji, ila badala ya kubadili soketi mojamoja tuweke RCCB moja (RCD ya kufunga kwenye mainswichi). Ni kweli au ananiongezea kazi?

FundiWaya_Dom

Hongera sana dada, na huyo fundi mtunze. 310 kwenda 46 ni tofauti kubwa.

Anachosema ni kweli, soketi ya RCD inalinda kilichochomekwa hapo tu na kinachofuata baada yake, RCCB kwenye mainswichi inalinda saketi zote zilizopita kwake. Ila mambo machache mkubaliane kabla hajaanza. RCCB haina kinga ya umeme kuzidi kama breka, inakata uvujaji tu, kwaiyo breka zako zinabaki palepale na ampia zake zisiwe chini ya za mainswichi, wengi wanaweka ya 63A 30mA. Ukiweka moja kwa nyumba nzima siku pampu ikivuja usiku na friji inazima na taa zinazima, kwaiyo kama mfuko unaruhusu mwombe aweke RCBO, hizo ni breka na RCD kwa pamoja, moja ya soketi za jikoni na moja ya pampu, hapo kosa la pampu linabaki kwenye pampu.

Na kabla ya kufunga apitie nyutro zote. Nyumba nyingi za huku taa ya ukumbini laivu imetoka saketi hii nyutro imerudi kwenye saketi ile, kwa breka haina shida lakini RCD itakata kila ukiwasha hiyo taa na mtahangaika kutafuta uvujaji ambao haupo. Kila saketi nyutro yake irudi kwenye RCD ileile ilikotoka laivu. Pampu aipime kwa mega kwanza kama alivyofanya mashine, ikisoma chini ya megohm 1 (ohm milioni moja) msiifunge mpaka ijulikane maji yanaingilia wapi, mara nyingi ni pale waya umeungwa kwa tepu.